Mwalimu Geuza na karatasi aliyoisoma upande mmoja

Kengele ya kipindi cha tatu imelia punde tu, na Mwalimu Geuza anapita kati ya madawati akigawa karatasi. Hagawi vitabu. Anagawa maelezo ya dawa ya kikohozi, ratiba ya mabasi ya mwaka juzi, kifuko kitupu cha mbegu za nyanya na ankara ya umeme iliyokatwa jina la mwenyewe. Wanafunzi ni hamsini na wanane, karatasi ni ishirini. Kila moja imeinamiwa na vichwa vitatu.

"Msisome bado," anasema. "Kwanza mniambie, hii ya dawa kaandika nani?"

"Kiwanda cha dawa."

"Kamwandikia nani?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa ana miaka miwili. Atasoma?"

Darasa linacheka. Mmoja anasema kamwandikia mama yake mgonjwa, mwingine anasema baba, wa tatu anasema baba hajui hata chupa inakaa wapi. Mwalimu anawaacha wacheke kidogo, kisha anainua mkono.

"Haya. Kabla ya kuamini, tunafanyaje?"

"Tunageuza."

Wanajibu kwa sauti moja, na karatasi ishirini zinapinduliwa kwa mpigo kama kundi la njiwa lililoshtuliwa. Wanafunzi wa zamani wanasema mwalimu alikuwa akitabasamu kila lilipotamkwa neno hilo. Siku hizi akilisikia anageukia ubao, anaufuta, hata kama hauna kitu.

Jina la Geuza alipewa na wanafunzi miaka mingi iliyopita, nalo likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Hata mumewe, fundi viatu mwenye kibanda karibu na lango la shule, humwita hivyo akitaka kumtania.

Alianza kufundisha namna hii baada ya kuona jambo lililomkera. "Mtoto anakusimulia hadithi ya sungura mwanzo hadi mwisho, wala hakosei," anasema. "Mpe ratiba ya basi, anaduwaa kama kapewa barua ya mkwe. Nikajiuliza, huyu akitoka hapa atakutana na sungura wangapi, na ratiba ngapi?"

Basi akaanza kuokota maandishi ya kila siku na kuyaleta darasani. Aliwafundisha kutazama kichwa cha habari, tarehe, jedwali, na yale maandishi madogo ya chini ambayo wengi huyaruka. Aliwafundisha kutafiti: wakikuta jambo kwenye karatasi moja, watafute nyingine inayolithibitisha, tena iliyotoka kwingine. "Mashahidi wawili waliolala nyumba moja ni shahidi mmoja," huwaambia.

Sifa zikatoka nje ya darasa. Mtu akipata barua ya ofisi, au dawa mpya, au mkataba wa chumba, hukimbilia kwa mwalimu. "Nisomee, mwalimu wangu, macho yako ndiyo macho yetu." Naye alikuwa akisoma, na kusema kweli, alikuwa akijisikia.

Kujisikia huko ndiko kulikomponza.

Mwanzoni mwa muhula uliopita alikwenda ofisi ya afya kwa shughuli zake. Ukutani, kwenye ubao wa matangazo, akaona karatasi imebandikwa: matokeo ya ukaguzi wa usafi katika matanuri ya mikate ya eneo lile. Palikuwa na jedwali lenye majina ya matanuri upande mmoja na madaraja upande wa pili. Mengi yalikuwa na daraja la 2 na la 3. Moja lilikuwa na 1. Na tanuri la Bwana Unga, lile lililokuwa likiwapelekea wanafunzi mikate ya chai mia mbili kila siku, lilikuwa na 4.

Mwalimu yeyote angeelewa alivyoelewa yeye. Shuleni, daraja la kwanza ndilo la mtoto anayebebwa mabegani na shangazi zake. La nne ni la yule anayeingia nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Akaipiga picha kwa simu. Jioni ile ile kulikuwa na kikao cha wazazi. Akasimama, akainua simu, akasoma.

"Sikusema uongo hata neno moja," anasema sasa, akitazama mikono yake. "Nilisoma kilichoandikwa. Na wao walinijua. Nani angesema tuhakikishe, wakati aliyesoma ni mimi?"

Shule ikahamishia oda kwenye tanuri la daraja la 1. Wazazi nao wakahama. Maneno yakakua njiani kama kawaida yake. Mara unga una funza, mara waliona panya kwenye beseni la kukandia. Wiki chache baadaye Bwana Unga alizima tanuri moja kati ya mawili, na shemeji yake aliyekuwa akikanda unga akaenda mji mwingine kutafuta kibarua cha kubeba zege.

Ukweli ulitoka darasani, tena kwa kanuni ya mwalimu mwenyewe. Muhula huu alitaka somo juu ya majedwali, akaiona ile taarifa inafaa. Akaenda ofisi ya afya, akaomba nakala kamili, akagawa. Aliwauliza wanafunzi tanuri lipi ni bora. Binti wa kinyozi, anayekaa dawati la nyuma na ambaye si mwepesi wa kunyoosha kidole, akanyoosha.

"Mwalimu, ni la Bwana Unga."

"Soma vizuri, mwanangu. Lina daraja gani?"

"La nne. Lakini nyuma wameandika daraja ni idadi ya masharti yaliyotimizwa. Maji, vyombo, afya ya wafanyakazi, na uhifadhi wa unga. Yeye katimiza yote manne."

Darasa zima likageuza karatasi. Wengine walikuwa wakikumbuka mkate waliokunywea chai muhula mzima, ule wa tanuri lililotimiza sharti moja.

"Nilimwambia, vema, kaa," anasimulia. "Kisha nikatoka nje nikasimama karibu na bomba. Nilisikia uso unawaka kama nimechapwa mbele za watu, na aliyenichapa ni mimi."

Mwalimu mkuu alipopewa habari hakupiga kelele. Alifunga mlango kwanza.

"Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani," alimwambia. "Nani angebandua karatasi ya serikali? Sisi tutarudisha oda kwa Bwana Unga polepole, watu watasahau. Mwalimu akijivua nguo mbele ya wazazi, kesho nani atamsikiliza?"

Yalikuwa maneno ya kumwokoa, na mwalimu alitamani kuyashika. Lakini kuna jambo ambalo mkuu hakulijua. Ile picha bado ilikuwa kwenye simu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palisomeka: Tazama maelezo nyuma.

"Niliiona," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Sikuiruka kwa bahati mbaya. Niliiona pale pale ofisini, na karani alikuwa mezani hatua mbili kutoka nilipokuwa. Ningemuuliza tu. Lakini nilikuwa nimeshapata habari ya kupeleka kikaoni, na ilikuwa habari kubwa. Nilifurahi kidogo. Hiyo furaha ndiyo inayonisuta, si kosa lenyewe."

Nyumbani, mumewe alimsikiliza huku akivuta uzi kwenye soli.

"Mke wangu," akamwambia, "kiatu kikishonwa upande mmoja mteja anarudi na kelele zake, tunakirudia. Wako hajarudi na kelele. Utamfuata wewe."

"Nitamwambia nini?"

"Mimi fundi viatu. Maneno ni kazi yako."

Alimfuata. Bwana Unga, mtu mnene wa mikono mipana, aliyezungumza naye bila kuacha kupaka mafuta trei, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulikula ule wa daraja la kwanza?" akamuuliza.

"Nilikula."

"Ulikuwa mtamu?"

Mwalimu akaitazama trei.

"Nilidhani una kisa na mimi," akaendelea yule mwoka mikate. "Nikasema labda niliwahi kumuuzia ulioungua. Nikakaa na mke wangu tukihesabu makosa yetu. Kumbe kisa chenyewe ni uvivu wa kugeuza karatasi."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Samahani ya chumbani sina pa kuiweka, mwalimu. Ulinitangaza ukumbini. Nirudishe ukumbini."

Kikao cha wazazi kilipangwa Jumamosi. Wiki nzima mwalimu alitafuta namna ya kusema, na mwishowe akapata njia aliyoiona nzuri: angefanya somo. Alichapisha nakala, akawagawia wazazi, akawaomba wasome upande wa mbele tu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwalimu mkuu alikaa meza ya mbele akichezea kalamu. Bwana Unga alisimama nyuma karibu na mlango, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Ndugu wazazi," alianza, "hebu tuambizane. Ukisoma hapa, tanuri lipi ni baya?"

"La nne," wakajibu wengi.

"Kwa nini tunasema hivyo? Kwa sababu sote tumezoea..."

"Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya Bwana Unga. Haikuwa kubwa, lakini vichwa viligeuka.

"Usiwape mtihani, dada. Wao hawakunisoma, ulinisoma wewe. Sema."

Mwalimu anasema pale ndipo alipojiona. Alikuwa akitaka ukumbi mzima ukosee pamoja naye, ili aibu igawanywe kama karatasi, watu watatu watatu. Akaweka nakala mezani.

"Nilisoma upande mmoja," akasema. "Palikuwa na maandishi yanayoniambia nitazame nyuma, nikayaona, nikayaacha. Tanuri la Bwana Unga ndilo safi kuliko yote. Mimi ndiye niliyewaambia ni chafu. Si ofisi ya afya, si nyinyi. Ni mimi."

Kisha bibi mmoja wa safu ya pili, ambaye husomewa karatasi zake za dawa na mwalimu huyu huyu, akauliza taratibu: "Na yale maelezo ya vidonge vyangu, mwanangu, uliyageuza?"

Baadhi walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimjibu kwamba anadhani aliyageuza, lakini atakwenda kwake kesho wayasome tena pamoja. Alikwenda. Alikuwa ameyageuza. Anasema hilo halikumpa raha aliyoitarajia, kwani bibi alikaa karibu naye akifuatisha kila mstari kwa kidole, ingawa hajui kusoma.

Tangu siku ile oda ya shule imerudi kwa Bwana Unga, na wazazi kiasi. Wapo waliokwishazoea kwingine, na wapo wanaoapa bado kwamba panya aliyeonekana alionekana. Tanuri la pili halijawashwa. Shemeji hajarudi; hutuma salamu kwamba zege linalipa vibaya ila halisomwi na mtu.

Watu wanaoleta karatasi kwa mwalimu wamepungua. Wanaokuja huzishika wenyewe na kumuuliza mstari huu unasemaje, na ule je, na huku nyuma. Anapata haya kila mara. Lakini ameanza kuwaambia waketi, na sasa Jumatano, wanafunzi wakishatoka, watu wazima saba hubaki kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao, wakijifunza kutazama tarehe na jedwali. Binti wa kinyozi ndiye anayegawa karatasi.

Mpango wa mwalimu ni kupata kabati lenye kufuli, ajaze maandishi ya kila aina ambayo mtu yeyote wa mtaani anaweza kuja kuyasoma na kuyalinganisha. Taarifa ya matanuri itakuwa ya kwanza. Alikwenda kumwomba Bwana Unga ruhusa ya kuifundisha kila mwaka, na jina lake likiwemo.

"Langu liache lilipo," alijibu. "Na lako uliweke."

Ameliandika kwa mkono wake juu ya nakala ya kufundishia, mahali ambapo mwanafunzi ataliona kabla ya jedwali.

Asubuhi, akielekea kazini, Mwalimu Geuza hupita nyuma ya tanuri, ingawa njia ya mbele ndiyo fupi. Kule nyuma kuna mabomba mawili ya moshi, moja la kila tanuri. Leo amesimama tena, mkoba begani, ametazama juu. La kushoto linafuka. La kulia limepoa, na ndege ameanza kulijengea kiota.

"Nataka nimwone huyo ndege akihama," anasema, kisha anashika njia ya shule.