Barafu za Mbinguni

Nimefundisha jiografia shule ya msingi huku Mtoni miaka mingi, na ulimi wangu hauna mfupa. Siku moja niliwatoa darasa la sita nje tutazame mawingu, kama nilivyowaahidi siku chache kabla. Juu kabisa yalikuwapo meupe, membamba, kama nywele zilizopitishwa kitana. Nikawaambia ni mvuke tu.

Msichana mmoja mpole akanyoosha kidole.

"Mwalimu, yale ni barafu. Juu kule baridi kali, mvuke unagandaga hata bila kuwa maji kwanza. Halafu punje zinaanguka, upepo unaziburuta, ndo maana yana mikia."

Barafu, Dar, saa saba mchana, jasho linatutiririka! Tena mama yake tunamjua sote: huuza barafu za ubuyu za kwenye vifuko, mlangoni kwake. Nikamuuliza, "Kumbe mama yako siku hizi anauza mpaka mbinguni?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Tangu hapo wakamwita Barafu.

Jioni nikasoma. Kila alichosema kilikuwa kweli. Niliona haya, lakini kesho yake sikusema kitu. Mwalimu mzima nijikosoe mbele ya watoto? Wiki mbili nikanyamaza, naye hakunyoosha tena kidole.

Mwishowe nikaenda kwa mama yake, nikijifanya mteja. Akanipa barafu, akakataa hela yangu.

"Aa, mwalimu, wewe tena! Kabla ya lile somo lako, mwanangu alikuwa kang'ang'ania simu yangu siku mbili, anasoma mawingu tu, eti akujibu vizuri. Alikujibu?"

"Alinijibu," nikasema. Barafu ikaniyeyukia mkononi. Mtoto hakuwa amemwambia chochote.

Asubuhi iliyofuata mawingu yale yalikuwa yametanda kama chandarua, na jua limezungukwa na duara hafifu. Nikawatoa nje. Nikasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyekosea. Yale ni barafu, na hata duara lile ni mwanga unaopinda ukipita kwenye punje zake. Nikamwomba radhi kwa jina lake, kisha nikamwomba atueleze tena yanavyotokea.

Wenzake wakamgeukia. Akatazama viatu vyake.

"Sijui, mwalimu."

Alikuwa anajua. Jibu lile la "sijui" nilimfundisha mimi.