Sungura Aliyehamia Sebuleni

Sisi tuliokulia Karatu wakati barabara ya kwenda geti la Ngorongoro bado ni vumbi tupu, tulijua kila kiumbe kina mahali pake pa kulala. Ng'ombe wa majirani walilala zizini, kuku kwenye tenga jikoni, mbwa popote alipopata joto, na sungura bandani. Sebuleni walikaa watu, tena si watu wote. Sisi watoto tuliingia tukiitwa, tukatoa shikamoo kwa wageni, tukatoka kimya kimya kama tulivyoingia.

Baba yetu alitoka Kondoa akiwa kijana, akazunguka minadani na vitambaa kwenye baiskeli mpaka akafungua duka mjini. Banda la sungura alilijenga kaka yangu Idi kwa mbao za masanduku ya chai, nyuma ya jiko. Kazi yangu mimi ilikuwa kukata majani nikitoka madrasa na kufagia banda kabla ya shule. Asubuhi za mwezi wa saba ukungu ulishuka kutoka msituni mpaka humwoni jirani anayekusalimu, vidole vikawa ganzi, na mimi nimeinama nakusanya vile vidonge vya mavi ya sungura kwenye kopo. Havikutupwa. Kila Jumatatu mwanafunzi alitakiwa kwenda na mbolea ya bustani ya shule, na wenzangu waliobeba samadi mbichi kwenye ndoo zinazovuja walinionea wivu kwa kopo langu kavu. Tukishamwaga mbolea tulinawa, tukacheza rede mpaka kengele, tukaingia darasani na magoti mekundu ya udongo.

Mama hakuwa na maneno mengi kuhusu wanyama. "Akiingia ndani yeye," alikuwa akisema, "wewe utakwenda kulala kwake." Tulimwamini.

Leo duka lile la baba ni langu, nyumba iliyo nyuma yake ni yangu, na sungura anaishi sebuleni.

Aliletwa na binti yangu Nasra, mwenye miaka kumi na minne. Rafiki yake wa shule alikuwa anahamia Iringa na wazazi wake, gari limejaa, sungura hana nafasi. Nasra akampigia simu baba yake, ambaye huendesha magari ya watalii na msimu ukianza tunamwona kwa kupita tu, akapata ruhusa kwake kabla mimi sijaulizwa. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta mnyama mweupe, jike, amelala kwenye boksi la sabuni juu ya kochi. Jina lake Pamba. Nikaambiwa atakaa humo kwenye boksi. Siku ya pili alikuwa amelila boksi.

Akamaliza boksi, akaanza nyumba. Aliguguna waya wa chaja yangu, akaguguna na waya wa feni. Miguu ya kochi ikawa imechongoka kama penseli. Pazia la sebuleni, ambalo nililishona mwenyewe kwa kitambaa kizuri kuliko vyote dukani, likawa fupi upande mmoja. Alikuwa anachimba zulia kwa miguu ya mbele kana kwamba kuna handaki chini yake. Na mkojo! Sungura mdogo vile, sijui anauhifadhi wapi. Alikojoa kwenye zulia, akakojoa kwenye mkeka, na siku moja niliporudi kutoka kutawadha nikakuta amekojoa kwenye mswala wangu, katikati kabisa, mahali pa kuweka paji la uso. Nilisimama na maji yananidondoka viwikoni, sijui nicheke au nilie. Nikafua mswala kwa siki, nikasali juu ya kanga.

Enzi zetu mnyama wa hivyo angekwisha siku hiyo hiyo. Kizazi hiki kwanza kinatazama simu. Nasra alinijia na maelezo: Usimfokee, anapata msongo wa mawazo. Usimpige. Mnunulie beseni lake la kujisaidia, utie maranda, atajifunza mwenyewe. Mimi nilipokuwa na miaka kumi na minne hakuna aliyeniuliza msongo wangu uko wapi. Lakini beseni nilinunua, maranda nikaomba kwa fundi seremala, tukaliweka jikoni karibu na mlango kwa sababu hapo ni rahisi kwangu kufagia. Pamba akaingia kwenye beseni, akajinyoosha, akalala usingizi mzuri. Alipoamka akatoka, akaenda kona ya nyuma ya kochi, akakojoa huko.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni mashuka.

Kuna mama mmoja wa Kimasai kutoka upande wa Endulen, mteja wetu tangu baba yuko hai. Tunamwita Yeyo, kama wanavyowaita mama zao. Kijana wake alikuwa anaingia jando, na Yeyo aliagiza mashuka kumi na mawili ya rangi moja na mistari ya aina moja, ili ndugu wote wa kijana wavae sawa. Niliyatafuta kwa wiki mbili, nikayapanga kwenye rafu ya chini, tayari. Siku tatu kabla ya sherehe akaja kuyachukua. Nikayaweka mezani, akafungua la kwanza ili aone upana wake.

Shuka lililokunjwa mara tatu, ukilitoboa mara moja, ukilifungua lina matundu manane. Nililijua hilo siku ile. Tundu la kwanza, nikafikiri ni kasoro ya kiwanda. Yeyo akaendelea kukunjua, na matundu yakaendelea kutokea, yamepangika vizuri kwenye mistari. La pili hivyo hivyo. Mashuka manne yaliyokuwa juu yote yalikuwa yameliwa, na nyuma yake, kwenye rafu, palikuwa na nyuzi nyekundu zilizofumwa na manyoya meupe. Mlango wa kutoka sebuleni kuja dukani ulikuwa wazi.

Yeyo hakupandisha sauti. Alikunja manane mazima, akayaweka kwenye mfuko, akaniuliza, "Na hawa wanne watavaa nini?" Nikamwambia arudi keshokutwa asubuhi kabla gari la Endulen halijaondoka. Wakati nasema hivyo sikuwa na wazo nitayatoa wapi.

Nasra alipotoka shule nilimwonyesha. Hakulia. Alisema mlango aliuacha wazi yeye, asubuhi alipokimbia kuchukua daftari. Nikamwambia nimeshampigia mjomba wake Idi, anakuja kesho, na anakuja na kisu.

Kaka Idi sasa analima vitunguu Mang'ola. Alifika baada ya alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, akanywa maji, akaomba aletewe mnyama. Alimweka mapajani, akampapasa tumbo, akamgeuza, akatazama kifua ambako manyoya yalikuwa yamenyofolewa. Akainama kuchungulia nyuma ya kochi, akavuta matambara yaliyokusanywa huko. Kisha akaniambia nimehangaika bure. Pamba hana dume wala hana mimba, lakini anajidhania anayo. Jike akiwa hivyo huchimba, hukusanya matambara, hujing'oa manyoya, anatafuta pa kuzalia. Mashuka yangu yalikuwa kitanda cha watoto ambao hawapo.

"Kaka," nikamwambia, "sikukuita umpime."

"Najua ulichoniitia." Aliendelea kumshika masikio yule mnyama taratibu. "Zaina, yule wako wa kijivu nilimshika miguu mimi, baba akachinja. Ulikuwa umesimama mlangoni unanitazama. Sitashika mwingine mtoto akinitazama."

Kwa miaka yote hiyo nilidhani amesahau. Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba wa baba alikuja ghafla kutoka Kondoa, na mgeni wa heshima hapewi maharage. Sungura wengine walikuwa wadogo. Wa kijivu nilimlea mimi, alikuwa ananijia nikimwita kwa kugonga kopo. Hakuna aliyeniuliza, wala sikutarajia kuulizwa. Jioni mama aliniwekea paja, akasema ni haki yangu kwa sababu nilimlisha vizuri. Wageni walikuwa wananitazama. Nikala.

Nilimsimulia Idi hayo nikiwa nimetazama zulia, nikamwambia na lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu: nyama ilikuwa tamu. Nilipoinua macho, Nasra alikuwa mlangoni na sare yake ya shule.

"Ulikula, mama?"

"Nilikula."

Alichukua fagio, akaanza kufagia nyuma ya kochi.

Idi alirudisha kisu kwenye mfuko, akalala kwetu, na kesho yake tukafanya kazi. Alinifundisha kwamba sungura haendi mahali unapotaka wewe, anachagua mwenyewe, kwa hiyo tukahamisha beseni kwenye kona ile ya nyuma ya kochi. Tukaweka nyasi kavu juu ya maranda, kwa sababu anapenda kula huku anajisaidia, na matambara yenye mkojo wake tukayatia humo ili harufu imwite. Kwingine kote tukasugua kwa siki. Nyaya tukazivisha mpira wa maji uliopasuliwa. Akakatiwa matawi ya mpera ya kuguguna, akapewa boksi lenye nguo kuukuu afanye kiota chake amalize hamu. Baadaye Idi huyo huyo alimpeleka Arusha kwa daktari wa mifugo, akafungwa kizazi, na tangu hapo uchimbaji umepungua.

Mashuka manne niliyapata kwa muuza duka wa Mto wa Mbu, yakaletwa na basi jioni ile ile aliyofika Idi. Asubuhi nilimwambia Nasra ampelekee Yeyo mwenyewe. Yeyo alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari la Endulen. Nasra aliinamisha kichwa aguswe, ndiyo salamu ya watoto kwa Wamasai, kama alivyozoea tangu mdogo, akasema mlango aliuacha yeye na aliyekula ni sungura wake, anayelala ndani. Mimi nilisimama nyuma nikiona aibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Yeyo alikagua mashuka, yote manne, mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi, si Nasra. "Kwetu wanambuzi wanalala ndani," akasema. "Mnashangaa nini? Fungeni mlango."

Basi tunafunga mlango. Mambo yametulia kiasi, ingawa nisiseme yamekwisha. Vidonge bado naviokota chini ya meza ya chakula, na wiki iliyopita Pamba alikula kona ya kalenda. Nikimwambia Nasra afagie, ananiambia subiri. Nikisema sungura asipande kochi, ananieleza kwa nini niko nyuma ya wakati. Akitaka kitu anabishana mpaka chai inapoa, na akishindwa anampigia baba yake huko porini.

Naikumbuka sana nyumba ya baba. Naukumbuka ukungu, uji wa moto kwenye vikombe vya bati, mama akikung'uta mkeka mlangoni, sakafu nyekundu inayong'aa ambayo hakuna mnyama aliyewahi kuikanyaga. Ilikuwa nyumba safi, yenye adabu, na ukiniambia nirudi nitarudi leo. Ila nikitafuta kumbukumbu ya siku niliyomwambia baba yangu "hapana", siioni. Nasra amekwisha kuniambia mara mbili leo, na adhuhuri haijafika.