Mbuzi Hawahesabiwi

Niliacha mtihani wa kidato cha nne katikati, siku ya kwanza, karatasi ya kwanza, nikatoka nje mbele ya watahiniwa wote huku nimeziba mdomo kwa mtandio kama mtu anayetaka kutapika. Nimewaambia watu wengi kwamba siku ile niliugua malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa nimeandika ukurasa wa kwanza wa insha mara nne, kila mara nikiona herufi moja imepinda, na nilipoanza mara ya tano vidole vikafa ganzi, moyo ukapanda hadi kooni, nikawa na hakika kwamba nitafia palepale juu ya dawati.

Hii ilikuwa Isiolo, katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba huko Garbatulla, na shule yangu ikaishia hapo, nikiwa kidato cha pili. Baba alinileta mjini kwa mama mdogo, mjane aliyekuwa na mbuzi na nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara iendayo Kipsing. Hapo nikajifundisha mwenyewe. Vitabu niliazima, masomo yalikuja kwa posta, na mwalimu nilikuwa mimi. Sijawahi kukutana na mwalimu mkali kama yule. Nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima. Mama mdogo aliwashia jiko kwa zile karatasi, akisema hajaona mtu mwingine anayesoma ili nyumba isikose kuni.

Baada ya kukimbia mtihani nilipewa mwaka mmoja. Baba alituma ujumbe kwamba nirudie, lakini mara hii tu. Nikikimbia tena, nirudi nyumbani, kwa kuwa kuna mtu alikuwa ameanza kuuliza habari zangu. Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: je, ningeweza kukaa katika chumba kile mpaka kengele ilie?

Nilianza kusoma mara mbili zaidi, na ugonjwa nao ukaongezeka. Sasa moyo ulinienda mbio hata kisimani, hata sokoni nikichagua nyanya. Majirani walisema ni jini. Shekhe alinisomea, akanipa maji yaliyosomewa, na usiku huo nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa miezi. Kesho yake mambo yakarudi yalivyokuwa.

"Shekhe amefanya yake," mama mdogo akasema. "Sasa twende kwa Sista."

Sista alikuwa muuguzi wa zahanati, mama mnene kutoka upande wa Meru, aliyekaa Isiolo muda mrefu kiasi kwamba alijua kutukana kwa Kiborana. Tuliingia, mama mdogo akatoa salaam, Sista akaitikia, kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndara.

"Huyu ndiye anayekufa kila siku?"

"Ndiye huyu. Jana amekufa mara mbili," mama mdogo akajibu.

Akanipima moyo, akasikiliza kwa muda mrefu huku amefumba macho. "Moyo ni mzima. Sasa niambie, chai ya rangi unakunywa vikombe vingapi kwa siku?"

"Saba, Sista. Au nane."

"Na chakula?"

"Anakula kitabu," mama mdogo akasema.

"Mama, wewe nitakuuliza zamu yako ikifika. Unalala saa ngapi, msichana? Unaongea na nani? Rafiki yako ni nani?" Kila swali nilijibu kwamba sina wakati. Akainama, akashika ncha ya nywele zangu zilizochomoza kwenye mtandio. "Na hizi zilisukwa lini?"

Sijui kwa nini swali hilo ndilo lililonitoa machozi. Nililia mbele ya foleni nzima ya akina mama na watoto wao, na hakuna aliyeshangaa, maana zahanati ni mahali pa kulia.

Nilisubiri vidonge. Hakunipa. Alisema ninywe maziwa kabla ya chai, na chai isizidi vikombe viwili. Nizime koroboi mapema. Nikasukwe nywele kwa wasichana wenzangu, na nikae hapo mpaka umbeya uishe. Alasiri nitoke na mbuzi, bila kitabu. Kila Alhamisi nije nikae naye dakika chache, hata kama sina la kusema. Tena nisiache kwenda kwa shekhe, kwa sababu dua haigombani na maziwa. Mwisho akanifundisha kupumua kwa kutoa pumzi polepole, kama mtu anayepuliza kaa la moto bila kutimua majivu.

"Na dawa ya moyo?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo. Wewe ukija hapa unaniletea moyo, lakini tumbo limefuata nyuma, na usingizi, na baba yako wa Garbatulla, na huyu mama anayenijibia maswali. Nitatibuje mmoja na wengine wote wamesimama mlangoni?"

Nilirudi nyumbani, na hapa lazima nikiri upumbavu wangu. Nilichukua rula nikachora jedwali. Maziwa, usingizi, nywele, mbuzi, pumzi. Kila jioni nilijipa alama kumi kwa kumi, au nikajinyima. Siku niliyolala nimechelewa nilipata sita, nikakosa usingizi kwa ajili ya ile sita. Alhamisi nikampelekea Sista lile jedwali, safi, bila hata alama ya raba. Alicheka mpaka akajifuta macho.

"Wewe msichana, nimekupa dawa, umeigeuza mtihani." Akalikunja, akalitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Lilikaa hapo mwaka mzima.

Wakabaki mbuzi. Walikuwa thelathini na mmoja. Nilijua kwa sababu nilikuwa nawahesabu tangu boma hadi mtoni, na kila walipopita nyuma ya mgunga niliwahesabu upya. Kwetu mifugo haihesabiwi. Anayehesabu anaita hasara, na mama mdogo aliponisikia mara ya kwanza alitema mate pembeni akaniambia nisirudie. Sikurudia kwa sauti. Nikawa nahesabu kwa vidole, ndani ya mtandio.

Jioni moja mbuzi wetu walichanganyika na kundi jingine wakinywa maji mtoni. Nilihangaika kuwatenga, nikawahesabu mara nne njiani. Thelathini na mmoja, kila mara. Nikafika nyumbani nimetulia kama mtu aliyemaliza kazi. Mama mdogo alikuwa amekaa langoni mwa boma kwenye kigoda chake, kibuyu cha maziwa mapajani, mbuzi wakipita mbele yake mmoja mmoja. Wa mwisho akaingia. Mama mdogo hakuvuta tawi la miiba kufunga lango.

"Yuko wapi yule wa masikio mafupi?"

"Wote wapo, mama. Thelathini na mmoja."

Neno likanitoka. Alinitazama kidogo, kisha akanyoosha kidole. "Na huyu wa shingo nyeusi, mama yake ni nani?"

Sikuwahi kumwona mbuzi yule maishani mwangu. Nilikuwa nimemwacha wetu mtoni nikaleta wa watu, na hesabu ikatimia. Vidole vikaanza kufa ganzi palepale. Nilisubiri kusemwa. Nilijua maneno yote atakayosema, maana nilikuwa nimeshajisemea.

"Chukua fimbo," akasema. "Turudishe mgeni, tumlete wetu."

Tulipofika karibu na mto alisimama, akashika kiuno, nikadhani ameumwa. Alikuwa anacheka. "Tena hesabu yako ni nzuri," akasema. "Hakosekani hata mmoja. Mbuzi ndio wamekosea."

Mwenye kundi lile, mzee jirani, alikuwa amemfunga wetu kwenye mti mbele ya nyumba yake. Baada ya salaam akasema, "Nilijua mtakuja. Mchukueni huyu, tangu afike amewapiga pembe wangu wote."

"Amejifunza kwako," mama mdogo akamjibu.

Tukapewa maziwa. Nilikuwa nimemaliza kikombe nilipogundua kwamba nakishika kwa mikono yote miwili na mikono yote ni mizima, haina ganzi. Nilikuwa nimekosea, kosa limeonekana, limetembea hadi kwa jirani na kurudi, na jua lilikuwa halijazama.

Kuanzia siku iliyofuata alinifundisha kusimama langoni. Usitafute wote, alisema. Jua nani hutangulia, nani hupenda kumfuata mama yake, nani mchokozi. Waache waingie, macho yenyewe yatakuambia nani hayupo. Ilinichukua miezi. Lakini niligundua kwamba ninapomtazama mbuzi vizuri, pembe yake iliyovunjika, namna anavyotafuna kwa upande mmoja, moyo wangu husahau kazi yake mbaya. Siku mbaya zilikuwepo. Mvua za masika zilipokuja hali ilinirudia kwa wiki nzima, nikaenda kwa Sista kumwambia kwamba nimeshindwa. Akaniambia, "Kidonda kikiwasha, si lazima kimeoza," kisha akaniuliza kama nimekunywa maziwa. Sikuwa nimekunywa.

Mtihani ulifanyika katika chumba kilekile. Nilikuwa nimesukwa mistari sita, mipya, iliyonibana kichwa hata nikashukuru kuwa na maumivu ya kawaida. Katika mstari wa tatu wa insha nilikosea neno. Nililikata kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe ulikwenda upande. Moyo ukaanza. Nikapuliza kaa langu. Msimamizi alinitazama akidhani napiga mluzi. Nikapuliza tena, polepole zaidi, na neno lililofuata likaja, na jingine nyuma yake, kama mbuzi walivyozoea kupita langoni.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya hesabu. Muda ulipokaribia kwisha, sikuanza upya. Nilifunua kurasa mara moja tu, nikatazama nani hayupo. Swali la duara halikuwepo, na nilijua halitapatikana leo. Nilikunja mikono nikakaa. Kengele ikalia nami nimo ndani.

Nilipata daraja la tatu, na nalisema hapa upesi kwa sababu zamani nisingeliweza kulisema kabisa. Baba alisema kwamba tatu ni karibu na mbili, na yule mtu akaambiwa aulize kwingine.

Lakini siku ile hatukujua hayo. Nilitoka nje nikamkuta mama mdogo amekaa kwenye kivuli cha ukuta na kibuyu chake, katikati ya watahiniwa waliokuwa wakilinganisha majibu. Hakuniuliza nimefanya maswali mangapi. Alinitazama usoni, kwa lile jicho lake la langoni, mpaka akaridhika.

"Haya," akasema, akafungua kibuyu. "Kunywa, twende. Leo mbuzi wamechelewa kutoka."