Kilio cha Getini

Mimi sina ulimi laini, na korona ilinizidishia ukali. Nilikuwa msimamizi wa makao ya wazee nje kidogo ya Kisumu, ufunguo wa geti nimeufunga kwenye leso kiunoni. Tulikuwa tumesikia kwamba katika makao mengine ugonjwa uliletwa na mgeni mmoja tu, ukawapitia wazee chumba baada ya chumba. Tangu siku hiyo roho yangu ilikuwa juu juu.

Kisha kaka yake Dani, mmoja wa wazee wetu, akafa. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na bibi huyo sote tulimwita hivyo. Kaka huyo ndiye ndugu yake wa tumbo moja pekee aliyekuwa amebaki, na mwili ungetolewa mochari kesho yake ukazikwe Usenge. Kilichomuua, hakuna aliyetuambia.

Dani alikuja getini amevaa gauni lake la kanisani.

"Fungua. Naenda kumlilia kaka yangu."

"Dani, matangani watu wamejaa. Ukitoka, siwezi kukurudisha kwa wenzako."

"Nisimlilie kaka yangu, mimi ni dada gani? Wewe nyathina, mwanangu, ulizaliwa na jiwe?"

"Jiwe, na mwamba pia! Hutoki."

Akagoma kula. Uji ulirudi jikoni umeganda juu. Nilimwogopa, jamani, na nilimwonea huruma. Nikifungua, nitawaua wengine. Nisipofungua, atanifia mikononi kwa njaa na uchungu.

Mwishowe nikampigia simu mtoto wa marehemu. Gari la maiti lingepita barabara yetu likielekea Usenge kupitia Bondo. Nikamwambia lisimame hapo nje, Dani alie akiwa ndani ya ua, na mtu yeyote asisogee karibu. Akaniahidi.

Gari liliposimama, Dani alipiga nduru iliyonisimamisha nywele. "Uuuwi! Omera! Kaka yangu!" Akakimbia kando ya ua na fimbo yake, akienda na kurudi, kama wanavyolia matangani kwao. Wazee wengine walikaa barazani wakilia naye, hata wale ambao hatukuwahi kumwona ndugu yao akija kuwatembelea.

Ghafla yule mtoto wa marehemu akashuka, barakoa iko kidevuni, anakohoa. Akapitisha mikono yote miwili kwenye vyuma vya geti.

"Waya, shangazi yangu, nishike tu!"

Dani alikuwa ameshanyoosha mkono wake. Nilipiga kelele nikakimbia, lakini nilijua sitafika.

Dani akageuka, akawatazama wenzake barazani. Akarudisha mkono kifuani, akapiga hatua nyuma.

"Rudi garini, mwanangu," alisema. "Mimi nikifa, wewe utanililia. Hawa hawana mtu."

Gari likaondoka. Dani akaomba maji anawe mikono, ingawa hakuwa amemgusa mtu. Nilimmwagia mwenyewe, nikilia waziwazi mbele ya wote. Alipomaliza akaniuliza kama uji umebaki.