Mlimau Kwenye Ndoo

Jirani yangu fundi cherehani haketi kwenye mashine kabla hajaupangusa mlimau wake ulio ndani ya ndoo iliyopasuka, jani baada ya jani, kwa kipande cha kitambaa kilichobaki, kama mama anavyompangusa mtoto uso. Bintiye ndiye aliyeupanda alipokwenda kufanya kazi ng'ambo. "Kwenye hadithi za bibi zetu, dada," huniambia kwa sauti ya chini, pini zikiwa mdomoni, "msafiri huacha mti nyumbani. Ukinyauka, ujue yuko taabani." Nami humjibu, "Mtoto analindwa na Mungu, mwenzangu, si na limau." Hucheka mpaka pini zinamdondoka. Lakini simu ya binti imenyamaza tangu mwezi uandame, na juzi majani yakaanza kuwa manjano. Siku hiyo hakucheka. Aliyashika kwa vidole vyenye vumbi la chaki, cherehani kimya, jua la alasiri likimpapasa, mpaka usingizi ukampitia palepale. Nilimwombea binti, nikasema amina. Kisha nikachota kikombe cha maji, nikainama taratibu penye ile ndoo, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Hodi, mwanangu."