Sanduku Langu Kijijini

Nichekeni tu, nimestahili. Nasomea biashara, na juzi chuo kimenileta mazoezini katika kijiji cha Ujamaa karibu na Nyamuswa. Niliteremka basi la Musoma nimevaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni vya soli nene, sanduku limejaa nguo na pasi ya mkaa. Bibi mmoja aliyetoka shambani akanionea huruma.

"Lete nikubebee. Kwetu mgeni habebagi mzigo."

Nikampa bila haya. Chuoni tunafundishwa kuongoza, si kubeba. Tulipokaribia ofisi ya kijiji nikamwomba apitie nyuma, kwenye shamba la pamba, watu wasimwone.

Wenyeji wakanipokea, wakanipeleka mkutanoni, kwenye uwanja wa nyuma ya ofisi. Nilipoambiwa nisalimie, msomi mimi nikahutubia.

"Ndugu zangu, kujitegemea ni vitendo! Anayemtwisha mwenzake mzigo wake ni nani?"

"Mnyonyaji!" wakaitikia, wakanipigia makofi.

Ndipo bibi akatokea kwenye pamba, jasho likimtiririka, sanduku kichwani.

"Mwanangu," akaniita kwa sauti, "si ulisema nipite nyuma watu wasinione? Sasa mbona umewaleta wote huku?"