Ng'ombe Niliyemkataa Ushirombo

Mwaka 2019, nikiwa na miaka sitini na miwili, ndipo dunia ilipoanza kunizunguka. Nawaambia mapema kwamba aibu ninayoisimulia hapa ni yangu mwenyewe, sikurogwa, sikusukumwa, wala sikunywa kitu (pombe sijawahi kuonja, na walevi nawadharau hadi leo, ingawa siku hizi nawadharau kwa sauti ya chini kidogo, mtaona kwa nini). Shule niliishia darasa la tatu. Maduara ya Geita, yale mashimo ya dhahabu, nimeshuka kwa kamba tangu ndevu hazijaota, kwenye giza ambalo mkono wako mwenyewe huuoni, na sikuwahi kusikia kizunguzungu hata siku moja. Halafu nimeshapata karasha zangu mbili za kusaga mawe, nimeshajenga nyumba mjini, mtaa wa Ngokolo, watu wananipa shikamoo wakiwa bado ng'ambo ya barabara, ndipo naangushwa na sakafu ya bafu langu, tena sakafu ya vigae nilivyovichagua mimi!

Niliinama kuokota sabuni, nyumba ikageuka kama debe linalobingirika mlimani. Basi. Tangu siku ile sikio la kushoto likawa linavuma kama jenereta ya jirani, vidole vya mkono wa upande huohuo vinakufa ganzi, na kuna wakati ulimi unakuwa mzito, nataka kusema "leteni chai" inatoka sauti ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kisha vyote vinaondoka, naweza kukaa wiki nzima mzima kabisa, nabeba gunia, nagombana na mafundi, halafu vinarudi bila hodi.

Nikaenda kwa waganga wa kila namna, maana hela ninayo na ujinga pia ninao. Zahanati ya kwanza wakasema malaria. Ya pili wakasema presha. Ya tatu wakasema ni pingili za shingo, nikavalishwa kola kama mbwa wa mzungu. Mganga wa kienyeji akasema babu yangu amekasirika (babu alikufa kabla sijazaliwa, alinikasirikia lini?), na mchungaji akasema ni pepo, akanishika kichwa akakitikisa, nikamtapikia suti. Mwanza wakaniingiza kwenye ile mashine ya kupiga picha kichwa, shimo jembamba lenye kelele za nyundo, na mimi mashimo nayajua, nikasema hapa sasa lazima mwamba upatikane. Daktari akatoka na uso wa pole. "Mzee, hatuoni kitu." Kichwa kimechimbwa chote, hawakukuta hata chembe! Mchimbaji wangu angenipa jibu kama lile ningemfukuza siku hiyohiyo.

Nikaamua kuficha. Waliojua ni mke wangu, Mama Minza, na Minza mwenyewe, binti yetu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliniletea mkongojo wa hospitali, ule wa chuma chepesi wenye mpira chini. Nikauficha nyuma ya kabati. Mtu niliyepandishwa kutoka shimoni na mzigo wa mawe mgongoni, nitembee na kitu kinacholia *tiki tiki* kama saa ya ukutani?

Mwaka juzi Minza akapata mchumba, mtoto wa Mzee Maganga, mfugaji wa kijiji kimoja nje ya Ushirombo. Kijana mzuri, sina neno. Mahari ikazungumzwa, ikakubalika, ikabaki kukagua ng'ombe. Sasa kwetu Wasukuma ng'ombe wa mahari hawapokelewi kwa kuambiwa. Upande wa binti unakwenda zizini kwa baba wa kijana, unawatazama mmoja mmoja, meno, kwato, macho, na yule asiyefaa unamkataa mbele ya watu. Maneno makali yanaruhusiwa, tena yanategemewa, maana mkaguzi asiyekataa hata mmoja anaonekana ama mjinga ama mwenye njaa. Kazi hiyo ilikuwa ya mdogo wangu Mabula, anayeishi na ng'ombe maisha yake yote. Mimi baba wa binti nilitakiwa kukaa kwenye kiti, ninywe maziwa, nisubiri.

Asubuhi tunaondoka Minza akaniletea mkongojo hadi kwenye gari.

"Baba, shika."

"Wa nini? Naenda kutazama ng'ombe, siendi kuombewa."

"Baba, jana tu umeshikilia mlango."

"Ulikuwa umelegea ule mlango."

Akauweka mwenyewe nyuma ya kiti. Na mimi tulipofika nikauacha palepale, nikavaa kofia yangu ya pama, nikashuka. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kama punje, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Tukapokelewa vizuri. Maziwa yakaja, nyama ikaja. Baba mdogo wa kijana, mtu mwembamba mwenye macho mekundu, akanisogezea chupa chini ya meza kwa siri, na mimi badala ya kukataa kimyakimya kama mtu mwenye adabu nikapaza sauti ili wote wasikie. "Mimi sinywi! Mtu wa kuyumba mbele ya wakwe zake bora abaki kwao!" Wakacheka kwa heshima. Yule mwembamba hakucheka. Akaninyooshea chupa kama mtu anayeniambia tutaonana, akanywa.

Wakati Mabula anainuka kwenda zizini nami nikainuka. "Kaka, kaa," akasema. "Kaa wewe," nikamjibu, "binti ni wangu." Nikaingia mwenyewe hadi katikati. Vijana wakawa wanawaswaga ng'ombe wapite kwa duara, vumbi juu, pembe kulia, pembe kushoto, na mimi nasimama katikati nageuza kichwa kuwafuata (mtu mwenye kizunguzungu anaweza kufanya ujinga gani mkubwa kuliko huo, niambieni). Nikamkataa dume mmoja aliyekonda. Haki kabisa, watu wakatikisa vichwa, huyu mzee anajua. Nikavimba. Nikamfikia jike mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni, nikamkazia macho, naye akaanza kuzunguka.

Sasa wafugaji wanajua, upo ugonjwa unaoingia ng'ombe kichwani, anakuwa anazunguka palepale mpaka anakufa. Mimi ulishaniulia ng'ombe wawili. Nikaona Mungu kanipa nafasi ya kuonyesha ujuzi.

"Yaya!" nikakataa kwa Kisukuma, kwa sauti ya zizi zima. "Huyu simtaki! Huyu ana ugonjwa wa kuzunguka, ubongo umeoza! Mzee Maganga, binti yangu ana akili timamu, wewe unaniletea ng'ombe mwenye kichwa kibovu?"

Mzee Maganga akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Baba Minza, huyo ng'ombe amesimama."

"Amesimama wapi? Miguu hiyo anaiparaganya!"

"Amesimama, mkwe wangu. Anacheua."

Yule mwembamba akiwa kwenye ua akasema, "Labda anazunguka ndani kwa ndani." Wakaangua kicheko.

Hapo mwenye akili angekaa chini. Mimi nikapandisha. "Mshikeni pembe aache kuzunguka!" Kijana mmoja akamshika pembe. "Nimemshika, mzee." "Mbona bado anazunguka?" Kijana akafikiri kwanza. "Basi, mzee, tunazunguka wote."

Nikataka kuwaambia kwamba mimi nafuga, siwezi kudanganywa, ulimi ukakataa, ikatoka uji mtupu. Nikaona dawa ni moja tu, nimfikie ng'ombe mwenyewe, nimshike, wauone ugonjwa wake kwa macho. Nikaenda. Nadhani nilikwenda kwa mshazari, maana watu walianza kunipisha pande ambazo sikuwa nazitaka. Nikamfikia, nikamkumbatia shingo kwa mikono yote miwili, kichwa changu juu ya nundu yake, nikashikilia kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea. Na wanawake waliokuwa nje ya ua (kwa kawaida mzee wa upande wa binti akipokea ng'ombe kwa furaha hupigiwa vigelegele) wakachungulia, wakaona mzee amemkumbatia ng'ombe, wakapiga vigelegele vya kusikika mpaka Ushirombo mjini.

Ni katikati ya vigelegele hivyo ndipo nilipoteleza polepole ubavuni mwa ng'ombe, nikakaa kwenye mavi mabichi, na maziwa yote niliyokaribishwa yakarudi, juu ya viatu vya Mzee Maganga. Ng'ombe hakusogea hata kwato. Aliendelea kucheua.

Nikasikia neno likipita nyuma yangu, taratibu, mdomo hadi mdomo. Kifafa. Na hapo aibu yangu ikaacha kuwa yangu, kwa sababu kabla ya kuoana watu huulizana ukoo, na neno kama hilo likishaingia kwenye masikio ya wakwe, hata kama si kweli, binti anarudi nyumbani na doti zake za khanga.

Mabula akaliona hilo upesi kuliko mimi. Akasimama juu ya mwili wangu, akatangaza, "Jamani wakwe, tusamehane, kaka yangu amekunywa."

Mimi! Nilitaka kufa. Ulimi umelala, siwezi kukana, na hata ningeweza, nikane niseme nini? Mlevi au mwenye kifafa, chagua, mzee mwenye karasha. Nikanyamaza nikubali ulevi. Lakini yule mwembamba akaja akachuchumaa, akanisogelea pua karibu na mdomo, akavuta pumzi, akainuka.

"Huyu hajanywa," akasema. "Kwa hili mimi msinifundishe."

Mzee Maganga akafuta viatu kwa majani. "Tusimamishe kwanza," akasema. "Mpelekeni mwenzenu nyumbani." Njia nzima ya kurudi ule mkongojo nyuma ya kiti unagonga kila tukipita shimo, *tiki, tiki*.

Minza hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinipikia, akanipa maji ya kunawa, akawa anakwenda shuleni na kurudi, na simu yake haikuwa inalia kama zamani. Mwisho akaja kukaa mbele yangu.

"Baba, nenda kawaambie."

"Niwaambie nini, na madaktari wenyewe hawajui?"

"Hivyohivyo. Waambie hawajui."

"Mtu mzima niende kusema sijui ninachoumwa?"

"Uliweza kwenda kusema ng'ombe wa watu ana kichwa kibovu."

Nikarudi kwanza Mwanza, safari hii nikamwambia daktari kila kitu bila kuficha, hata zizi. Alicheka, nikamwacha acheke. Akanipima tena kwa waya kichwani, akaniambia, "Kifafa siyo, hilo nakuhakikishia. Kilichopo bado hatujakipata, tutaendelea kutafuta." Nikaenda Ushirombo na mkongojo mkononi, toka kwenye gari mpaka kwenye kiti, *tiki tiki tiki*, mbele ya ukoo mzima, na nikawaambia. Naanguka tangu 2019. Sijui kwa nini. Kifafa siyo, daktari kakataa. Nilificha.

Mzee Maganga akaniuliza, "Ugonjwa wenyewe unaitwaje?"

"Hauna jina."

"Unakuja wakati gani?"

"Ukitaka."

"Mtu mwenye karasha mbili," akasema, akitikisa kichwa, "na unaumwa kitu kisicho na jina!" Kisha akaegemea mbele. "Baba Minza, hayo ya kuanguka yametusumbua, nakubali. Lakini kilichoniuma mimi usingizi usije ni kingine. Ulimwita ng'ombe wangu kichwa kibovu."

Naapa alikuwa anamaanisha. Mke wake akadakia kutoka mlangoni, "Kwani anayeolewa ni Minza au ni baba yake? Mtozeni mzee faini, watoto waoane, ugali unapoa." Nikatozwa mbuzi kwa kumtukana ng'ombe, na nikaambiwa yule mwenye baka jeupe nitampokea, nipende nisipende, tena wa kwanza. Yule mwembamba akanisindikiza hadi kwenye gari, kanishika kiwiko. "Twende polepole, mkwe," ananiambia mbele ya watu. "Wasije wakadhani tumekunywa wote."

Sasa nimefika hapa. Nina nyumba Ngokolo, vigae vya bafuni nimevibandua nikaweka saruji ya kukwaruza. Nina karasha mbili, na fungu langu kwenye duara moja Geita ambalo silishuki tena. Nina gari ambalo siliendeshi. Nina mke, watoto watano, na mjukuu, mtoto wa Minza, ambaye anajifunza kutembea na anaanguka mara chache kuliko mimi. Nina ugonjwa usio na jina na daktari anayeendelea kuutafuta, na aliyekuja kuniambia eti ni babu nilimfungulia geti atoke. Nina mkongojo, unakaa mlangoni, hauko nyuma ya kabati. Ng'ombe wa watu sikagui tena nikiwa nimesimama mpaka naingia kaburini.

Na ninaye yule jike mwenye baka jeupe. Amezaa mara mbili, maziwa yake ndiyo tunayokunywa. Kila asubuhi kabla sijaenda popote natoka hadi zizini, nashika ua, namtazama. Akiwa ametulia, naita gari. Akianza kuzunguka, narudi ndani nikalale.